Mia Tatu Nilizojitajia Mwenyewe

Jambo lenyewe liligharimu mwaka mmoja, mchumba mmoja wa Kimbo, na usingizi wa alfajiri wa maisha yangu yote yaliyobaki. Hesabu hii nimeipiga mara mbili, ya kwanza nikiwa na hasira na ya pili nikiwa nimeshiba, na jibu lilitoka lilelile. Ningeweza kuongeza seti ya vyombo niliyokuwa nimenunua kwa ajili ya harusi, lakini ile niliiuza kwa faida, kwa hiyo siitii kwenye hasara. Wiki iliyopita tulimzika Bi Zuhura hapa Thika, na tangu siku hiyo mwaka ule umerudi kukaa nami jikoni kama mgeni asiyesema anaondoka lini. Nikipika, uko. Nikifunga duka, uko. Nimeona heri niuandike, labda utaridhika uende zake.

Bi Zuhura alikuwa mke wa Maalim Twahir. Ploti ya Kamenu ilikuwa yao, vyumba vimepangwa kuzunguka ua wa saruji, bomba moja katikati, na mimi nilikuwa mpangaji wao, msichana wa miaka ishirini na mmoja, muuza viatu vya mitumba. Barabara ya kwenda Nairobi ilikuwa bado haijapanuliwa. Nilipokwenda kuulizia chumba, Bi Zuhura alitaja kodi nami nikaguna, kama nilivyozoea kuguna hata bei ikiwa nzuri. Akanitazama kutoka kichwani hadi kwenye viatu, ambavyo vilikuwa vizuri kuliko vyote nilivyokuwa nauza, akasema atanipunguzia ikiwa kila Alhamisi jioni nitakaa nao kwenye dhikri. "Hutatakiwa kufanya kitu," alisema. "Kukaa tu." Nikaona huyu mama hajui biashara. Nimepunguziwa kodi ili nikae, na nitaongezewa chai? Nilihamia siku hiyohiyo kabla hajabadili mawazo.

Kwa asiyejua mambo haya, nieleze kidogo. Maalim alikuwa mtu wa tariqa, na tariqa maana yake ni njia: watu wanaomfuata sheikh mmoja, ambaye naye alimfuata wake, na huyo akamfuata wake, mnyororo unaorudi nyuma mpaka kwa Mtume, wakifundishana kumtaja Mungu kwa ulimi mpaka moyo nao uzoee. Mahali pa kukutania huitwa zawiya. Neno hilo lilikuwa kubwa kuliko chumba chetu, ambacho kilikuwa sebule ya Maalim iliyoondolewa viti: mikeka, chetezo cha ubani, na pazia la kijani lililotutenga wanawake na wanaume. Baada ya dhikri zilikuja kaimati, chai ya tangawizi, na wakati mwingine mukimo, kwa sababu jirani yetu wa chumba cha pili, Wanjiru, alikuwa mtu wa kanisa lakini hakuweza kuvumilia kuona watu wamekusanyika bila chakula cha maana. Watu wakila, Maalim alisimulia. Alisema njia yetu ilitoka Baghdad, ikapita Barawa pwani ya Wasomali, ikashuka Unguja, kisha ikapanda bara na watu wasioandikwa popote: wapagazi, makuli wa reli, mpishi mmoja wa kambi ya mkonge hapahapa Thika ambaye ndiye aliyemfundisha yeye. Mimi nikisikiliza majina yale nilikuwa na swali la sokoni. "Tunajuaje kuwa hawa walionana kweli?" nilimuuliza Bi Zuhura kwa sauti ya chini, lakini pazia halizuii sauti. Maalim akajibu kutoka upande wa pili: "Kila mmoja alishika mkono wa aliyemtangulia, binti. Mkono, si barua."

Nitasema ukweli kuhusu zile Alhamisi, maana nikikaa nazitania tu nitakuwa nimepunja kipimo. Dhikri ilianza polepole, *la ilaha illa Llah*, wanaume wakiyumba kidogo kama watu waliosimama kwenye lori linalotembea, kisha maneno yakapungua, likabaki jina peke yake, kisha hata jina likawa pumzi. Kichwa changu ni kichwa ambacho hata usingizini hurudisha chenji. Mle ndani kilinyamaza. Si muda mrefu, labda kama mtu anavyoshusha gunia begani ili abadilishe bega, lakini ilitosha kunionyesha kwamba nilikuwa nimebeba gunia. Ndipo nikamwambia Bi Zuhura nataka kushika mkono na mimi. Alifurahi mpaka akanipa kaimati za kesho yake.

Mwanamke hashiki mkono wa sheikh. Hupitishwa kitambaa cheupe chini ya pazia, sheikh akashika ncha moja na wewe ncha ya pili, ukarudia maneno ya ahadi. Kisha sheikh hukupa uradi, yaani maneno utakayoyasoma kila siku na idadi yake. Wenzangu walipopewa zao waliitikia "Nimekubali" wakainamisha kichwa. Mimi Maalim aliniambia: "Kila alfajiri, istighfari mia za kuomba msamaha, salawati mia za kumsalia Mtume, na la ilaha illa Llah elfu moja."

"Elfu ni nyingi, Maalim," nilisema. "Mimi nafungua kibanda saa moja."

Bi Zuhura alinifinya paja.

"Unasemaje?" akauliza Maalim.

"Nifanyie mia mbili."

Mama mmoja nyuma yangu akasema *astaghfirullah*, nadhani ya kwanza katika mia zake. Maalim akakohoa. "Mia tano," alisema, na nikasikia sauti yake imeanza kucheka, na mteja akisikia hivyo anajua bei haijafika chini.

"Mia tatu, Maalim. Lakini hizo mia tatu ni juu yangu kwa Mungu, sitakosa hata siku moja mpaka nife. Si bora mia tatu za uhakika kuliko elfu za maneno?"

Safari hii hakucheka. "Umesema ni juu yako?"

"Ni juu yangu."

"Kwa Mungu?"

"Kwa Mungu."

"Basi mia tatu. Chukua." Na akavuta ncha yake ya kitambaa kidogo, kama mtu anayekaza fundo.

Nilirudi chumbani nikijiona mjanja. Nilikuwa nimeondoa mia saba kwenye elfu, na sijawahi kuona mtu wa soko la Gikomba akishusha bei hivyo. Siku ya tatu Bi Zuhura alinikuta bombani akanieleza nilichonunua. Wenzangu, alisema, walipewa uradi na sheikh, na anayepewa na sheikh anaweza kurudi kwake akasema nimeugua, nimezaa, nimechoka, akapunguziwa. "Lakini wewe umejitajia mwenyewe, ukasema ni juu yangu kwa Mungu. Hiyo ni nadhiri, mwanangu. Hapo Maalim hana mkono. Huyo unayedaiwa sasa hapunguzi na hasahau." Kisha akainua ndoo yake akaenda zake, akaniacha na maji yanamwagika.

Tangu siku hiyo alfajiri ilikuwa na mlango na mlango ulikuwa na kufuli. Nilikuwa na homa, nikasoma. Nilikuwa kwenye basi la kwenda Eastleigh kuchukua bunda, nikasoma nimefunika mdomo kwa leso, abiria mwenzangu akidhani ninamtukana. Wanjiru, aliyekuwa akiamka mapema kuchemsha maziwa, alinisikia kupitia ukuta wa mabati akawa ananisalimia kwa hesabu: "Sasa Rukia, leo umefika ngapi? Maliza haraka uje unisaidie na hii moto." Siku moja aliniuliza kwa huruma ya kweli, "Ai, kwani hiyo kitambaa ndio imekuoa?"

Aliyetakiwa kunioa alikuwa Hashim, fundi wa milango ya chuma kule Kimbo, Ruiru, kijana mrefu mwenye alama za cheche mikononi, msafi wa maneno na wa nguo. Alikuwa akiswali kwenye msikiti ambao vijana wake waliona mambo ya tariqa ni uzushi uliopakwa ubani. Mimi sikuwa nimemficha, ila sikuwa nimemweleza yote; nilikuwa nangoja bei ya soko ipande. Akasikia kwa watu. Tulikutana kwenye kibanda cha chai karibu na karakana yake, chapati mbili na maharagwe katikati yetu, na hakugusa.

"Nimeskia unaendanga kurukaruka na wazee wa Kamenu."

"Siruki. Wanawake tunakaa."

"Ni hivyo hivyo. Nimeambiwa pia ulishika mkono."

"Kitambaa."

"Rukia, usinichezee. Mkono wa mtu utakushikia nini kwa Mungu? Hayo maneno mnasoma si mabaya, maneno ni mazuri. Kibaya ni kupangiwa na mzee."

"Sikupangiwa," nikasema, na bado nilikuwa najivuna kidogo. "Alitaja elfu, nikakataa. Mia tatu nilijipangia mwenyewe."

Akaanza kula, kisha akaacha kutafuna. "Ulisemaje? Ulisema ni juu yangu?"

"Ndio."

"Ukataja Mungu?"

"Ndio."

Aliweka chapati chini taratibu, kama mtu aliyegundua kwamba paa linalovuja ni la nyumba yake. Hashim alikuwa mkali, lakini ukali wake ulikuwa wa haki, haukumwonea mtu wala haukumhurumia yeye mwenyewe. "Hiyo ni nadhiri," alisema. "Ni lazima uitimize. Hata mimi siwezi kukwambia uache." Nje kuna mtu alikuwa anapiga nyundo kwenye bati, na kila pigo lilinifanya nihesabu. Mwishowe akatoa masharti yake, na nikiri yalikuwa masharti ya mtu anayetaka kununua kweli. Mia tatu zitabaki, ni zangu na Mungu, hataniuliza. Lakini mkono utoke. Kabla ya nikaha Maalim atamke kwa mdomo wake kwamba ameniachilia, mimi si mtu wake tena, nisirudi kwenye ile Alhamisi. Nilijaribu kumpunguza: Alhamisi moja kwa mwezi? Mfungo sita tu, maulidi yakifika? Akatingisha kichwa. "Hapa si sokoni, mpenzi." Ndiyo mara ya kwanza aliniita hivyo. Nikakubali. Nilimpenda yule mtu, na nilikuwa na hakika Maalim angecheka, aseme nenda mwanangu, na mambo yaishe kabla chai haijapoa.

Niliporudi Kamenu nilikuta mlango wa stoo umefungwa. Stoo ile ilikuwa ya vitunguu, haina dirisha, na mara moja kwa mwaka Bi Zuhura aliifagia, akatandika mkeka, na Maalim akaingia khalwa: siku arubaini za kukaa peke yake gizani, kufunga mchana, kumtaja Mungu, na kutosema na kiumbe. Alitoka kwa swala tu, kichwa kimefunikwa, macho chini, akarudi. Alikuwa ameingia asubuhi hiyohiyo nilipokuwa Kimbo nikipatana. Nikaha ilikuwa imepangwa kabla ya arubaini kufika nusu. Baba yake Hashim alikuwa amekwisha kulipia mbuzi.

"Niachilie wewe," nilimwambia Bi Zuhura.

"Mkono ulioshika ndio unaoachia. Mimi nilishika pazia tu."

"Basi nimsemeshe akienda kuswali."

"Akikujibu, khalwa imevunjika, aanze upya. Ana sukari, Rukia. Arubaini mbili zitamuua. Utambeba wewe?"

Magoti ya Bi Zuhura yalikuwa mabaya mwaka ule, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa nikimpelekea Maalim futari: uji wa wimbi usio na sukari, tende, kipande cha nanasi, hakuna nyama wala mafuta, kwa kuwa mtu wa khalwa hali kitu chenye roho. Nilisukuma bakuli kwenye tundu lililokatwa chini ya mlango, na baadaye nikalichukua. Kila jioni nilikuwa na mtu mmoja duniani anayeweza kunifungua, yuko umbali wa ubao, ninasikia anavyomeza. Siku zilipungua upande wa Kimbo na hazikupungua upande wa stoo. Hashim alituma ujumbe: vipi? Nikajibu: bado kidogo. Wanjiru alinishauri nimwingizie Maalim karatasi na kalamu. Bi Zuhura akasema kuandika ni kusema.

Ndipo nikafanya nililojua. Jioni moja baada ya Alasiri, uani hakuna mtu, nilichuchumaa kwenye lile tundu nikapatana na mtu asiyejibu. Nilimweleza yote, kuhusu Hashim, kuhusu nikaha, kwamba sitaki kumkosea na sitaki kuzeeka pale uani. "Sikuombi useme, Maalim," nilisema. "Ukiniachilia, bakuli lirudi limepinduliwa chini juu. Usiponiachilia, lirudi kawaida. Hapo hujasema kitu na mimi nimesikia." Nilijisifu kwa hilo. Niliona nimempa njia ya kutokea bila kufungua mlango.

Bakuli lilirudi na uji ndani. Haukuguswa. Nikadhani hajasikia njaa. Kesho yake likarudi limejaa, na tende zake zikiwa vilevile kama nilivyozipanga. Siku iliyofuata hivyohivyo. Alipopita kwenda kuswali niliona kanzu inamning'inia. Bi Zuhura aliniita jikoni, akafunga mlango, akauliza jambo moja tu: "Umemwambia nini?" Nilipomweleza hakunigombeza. Alikaa kwenye kigoda, akaanza kumenya kitunguu ambacho hatukuwa na haja nacho. Alisema mtu wa khalwa akiwekewa mzigo wa mtu mwingine, kama hawezi kuujibu huubeba kwa kufunga. Wanjiru, aliyesikia kupitia ukuta kama kawaida, akasema kutoka upande wake, "Ama labda hiyo uji iliungua. Mimi singekula." Hakuna aliyecheka, ingawa kweli siku ya kwanza uliungua kidogo.

Jioni ile nilichuchumaa tena. Kule Kimbo kulikuwa na mtu aliyekuwa amepaka rangi chumba kwa ajili yangu, na mbele yangu palikuwa na mzee mgonjwa wa sukari ambaye hali. Nilisema, "Maalim, nimeondoa swali. Kula." Nikasubiri. Baada ya muda nikasikia kijiko. Bakuli liliporudi lilikuwa limekombwa mpaka linang'aa, na hata kokwa za tende zilikuwa zimepangwa kando. Nimewahi kushindwa kwenye biashara nyingi, lakini hiyo ndiyo pekee niliyoshindwa na mtu ambaye hakufungua mdomo ila kwa kula.

Hashim alinisikiliza mpaka mwisho. Hakusema neno baya. Alisema tu, "Kwa hivyo umechagua," nami nikamwambia sikuchagua, nilizungukwa, naye akasema kwa mtu anayengoja hiyo ni kitu kimoja. Alioa mwaka uliofuata, hukohuko Ruiru, na milango yake mpaka leo ni mizuri, ninao mmoja.

Siku ya arubaini Maalim alitoka, macho yakimwuma kwa mwanga, akakalishwa uani kwenye kiti, tukamletea maziwa. Nilingoja watu wapungue. Nilimuuliza kwa nini siku zile tatu hakula. Akafikiri. "Tumbo," akasema. "Tumbo lilinisumbua."

"Na yale niliyokuwa nikikuambia mlangoni?"

"Ulikuwa ukiniambia kitu?" Akaingiza kidole sikioni, akatoa pamba, akaniwekea kiganjani kama chenji. "Jirani zetu hapa kanisani wanaimba vizuri sana. Mimi dhaifu, ningeanza kuitikia. Ulisemaje, mwanangu?"

Nilimtazama usoni vile ninavyomtazama mteja anayesema hana pesa zaidi. Miaka yote hii nimeutazama uso ule kichwani, mbele na nyuma, na sijui. Huenda alikuwa mzee mwenye tumbo na pamba. Huenda alisikia kila neno, na hiyo pamba aliiweka asubuhi ile ili nisibebe deni la zile siku tatu. Nikamwambia, "Hakuna kitu, Maalim." Baadaye nilifika mlangoni kwake mara kadhaa nimwombe, hata bila Hashim, nijue tu kwamba ninaweza kutoka nikitaka. Kila nilipofika alikuwa anakula, na mtu uliyewahi kumwona hali chakula huwezi kumkatiza akila. Kabla mwaka haujaisha alifariki, mkono wake haujaniachilia, na mkono mwingine wenye uwezo huo haupo.

Niliolewa baadaye na mtu wa Kahawa Sukari mwenye usingizi mzito, sifa niliyoipeleleza kabla ya kukubali. Mia tatu sijakosa. Ningependa kusema zimegeuka kuwa raha, na kuna alfajiri ambapo kweli kichwa hunyamaza, gunia likashuka. Lakini alfajiri nyingi ni mtu mzima anayelipa, magoti yanauma, na mlango ni uleule. Sijui kama mlango huo unanifungia ndani ama unanizuia nisianguke nje. Nimeujaribu kwa bega mara nyingi na haujawahi kutikisika.

Wanaume walipokwenda makaburini wiki iliyopita, wanawake tulibaki Kamenu, na Sakina, binti wa Bi Zuhura, alinivuta chumbani kwa mama yake. Alisema mama alikuwa na idhini ya kuwashikisha wanawake njia, aliyopewa na Maalim siku zake za mwisho, na kabla ya kufariki alisema idhini hiyo ije kwangu. Nilimwambia amekosea mtu. Akasema mama alitaja jina mara mbili, kwa kuwa alijua nitabisha mara ya kwanza. Kuna wasichana watatu wanangoja. Mmoja wao, mwanafunzi mwenye pete ya uchumba, alinifuata mpaka nje nilipokuwa natafuta viatu vyangu, akaniuliza kwa adabu, kama mtu anayeuliza kuhusu nguo kabla ya kuijaribu: "Shangazi, nikishashika, halafu siku moja nitake kutoka, natokaje?"

Nimemwomba wiki mbili. Moja imekwisha. Nikimwambia hutoki, nitamfukuza mtu aliyekuja kwa Mungu. Nikimwambia unatoka, nitakuwa nimeuza nisichokuwa nacho. Wewe unayesoma, ikiwa umewahi kushika mkono ukaachiliwa, au unamjua aliyeachiliwa, au umesoma vitabu ambavyo mimi sikuvisoma, tafadhali niambie kabla ya Alhamisi ijayo: yule msichana nimjibu nini?